Kalamu Iliyonilipia Karo

Jumatano tarehe 30 Novemba 2022 ilikuwa siku ya furaha isiyo kifani kwangu. Ndiyo siku niliyoweka kalamu chini baada ya karatasi ya mwisho ya mtihani wa KCPE. Tulitoka darasani tukiruka mithili ya ndama waliofunguliwa zizini. Jioni mama alinipikia chapati, nikala hadi nikashindwa kuinama. Hakuna aliyejua mtaani kwetu Githurai kwamba siku iyo hiyo kampuni moja ya San Francisco, Marekani, iitwayo OpenAI, ilikuwa imewafungulia watu mashine yake ya ChatGPT. Hata ningeambiwa, ningeuliza inauzwa pesa ngapi kisha niendelee na chapati zangu. Kumbe mashine hiyo ilikuwa njiani kuja kwetu, na aliyekuwa akijiwa ni kaka yangu.

Mimi ni kitinda mimba. Kaka ndiye kifungua mimba. Alihitimu shahada ya ualimu mwaka 2017, masomo ya Kiingereza na fasihi, akangoja kuajiriwa na serikali. Akangoja. Alizunguka na bahasha ya kaki hadi soli za viatu vyake zikawa nyembamba kama karatasi, na kila shule ilikuwa na jibu lile lile: acha nambari yako, tutakupigia. Mwaka 2018 mwenzake wa chuoni aliyekuwa akiishi Kahawa Wendani akamwambia, "Wewe unajua Kizungu hivi na unalala njaa? Kuja nikuonyeshe kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani au Uingereza hupewa zoezi na mhadhiri wake. Hana wakati, au hana nia. Analipeleka kwenye jukwaa fulani la mtandao na kulipa kwa dola. Jukwaa hutangaza kazi, nao waandishi huinyang'anyania kama kuku na punje za mahindi. Kaka hakuwa na akaunti yake mwenyewe. Alitumia akaunti ya mtu mwingine, ambaye alikata fungu lake na kumwachia shilingi 300 kwa ukurasa. Ukurasa ulikuwa maneno 275, hayapungui. Kwa kuwa saa nane za usiku hapa kwetu ni saa kumi na mbili za jioni kule New York majira ya baridi, kazi nyingi ziliingia wakati wa kulala. Mimi na mama tulipatwa na usingizi tukisikia vidole vyake kwenye tarakilishi, ta ta ta ta, kama mvua ya rasharasha juu ya mabati. Novemba na Aprili, mihula ya kule inapokaribia kwisha, alikuwa halali kabisa.

Mama alipoulizwa na majirani mwanawe anafanya nini, alijibu kwa fahari, "Anafanya kazi ya kompyuta." Nami niliamini hivyo hadi mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Siku moja niliketi kando yake nikamwona akimalizia insha ndefu kuhusu tamthilia ya Macbeth. Nikauliza, "Kaka, kwa nini hilo jina la juu si lako?"

Hakuniangalia. "Ni la mwenye pesa," akasema.

Nilikuwa mdogo, nikacheka. Nilipokua ndipo neno hilo lilipoanza kunikwaruza. Hapa shuleni hakuna gwaride la Jumatatu linalopita bila kuonywa juu ya udanganyifu katika mitihani. Nami kila nikisimama pale huona kurasa za kaka. Siku moja alikuwa ameandika insha ya uuguzi, kuhusu vidonda vinavyowapata wagonjwa waliolala kitandani muda mrefu bila kugeuzwa. Alisoma usiku kucha, akaijua mada hiyo barabara. Je, yule aliyeinunua aliisoma? Na kama leo ni muuguzi, nani anawageuza wagonjwa wake? Nilimuuliza kaka hivyo. Akaniambia, "Ukishiba ndio unauliza maswali kama hayo." Nililia, lakini hakukosea sana. Huko Uingereza walitunga sheria mwaka 2022 inayofanya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa la jinai. Sheria yenyewe inamwandama anayeuza. Anayenunua ameachiwa chuo chake.

Sasa nikupigie hesabu kidogo. Karo ya shule ya bweni kama yetu, kwa mwongozo wa Wizara ya Elimu, ilikuwa shilingi 40,535 kwa mwaka nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 2023. Kwa shilingi 300, hiyo ni kurasa 135 na shilingi 35 juu. Kurasa 135 ndizo zilizokuwa mwaka wangu mmja wa masomo, kabla ya sare, godoro na sanduku. Mama na nyanya zake pale sokoni alilipa kodi na kutulisha. Karo ilikuwa ya kaka.

Mashine ilipoingia, kaka hakuiogopa. Aliicheka. Aliijaribu kwa zoezi moja la historia, ikamwandikia kurasa tatu kufumba na kufumbua, na mwisho ikamworodheshea vitabu sita vya kurejelea. Kaka akavitafuta. Vingine havikuwahi kuandikwa na binadamu yeyote tangu dunia iumbwe! Mashine hii imelishwa maandishi mengi mno, nayo hutunga kwa kubashiri neno gani linafaa kufuata lililotangulia. Ikikosa ukweli hubashiri vile vile, tena bila haya. (Chamani kwetu tumebishana muda mrefu kama iitwe akili bandia, akili unde au akili mnemba. Mimi nasema akili mnemba, na asiyetaka anitafute baada ya masomo.) "Hii haiwezi kuniweza," kaka akasema. "Wateja watarudi wakipata sufuri."

Hawakurudi. Muuguzi yule wa ng'ambo hakuwa akinunua ukweli, alikuwa akinunua kurasa, na sasa kurasa zilipatikana bure. Kufikia Aprili 2023, msimu ambao kaka angekosa usingizi, alikuwa akilala saa tatu usiku kama mtoto wa chekechea. Ile mvua ya rasharasha ilikatika. Wala si yeye pekee. Mwezi uliofuata, kampuni ya Marekani iitwayo Chegg, inayowauzia wanafunzi msaada wa masomo, ilikiri kwamba ChatGPT inaipunguzia wateja wapya, na hisa zake zikapoteza karibu nusu ya thamani kwa siku moja. Kampuni hiyo angalau ilikuwa na wa kuisikitikia katika magazeti. Kaka hakuwa na mkataba, hakuwa na chama, hata jina lake halikuwamo katika akaunti aliyoitumia. Mwenye akaunti alizima simu akiwa na malipo ya kaka ya majuma mawili.

Mjomba alipokuja kututembelea alisikiliza habari hizo huku akitikisa kichwa. Yeye alikuwa dereva wa teksi mjini Nairobi wakati Uber ilipoingia mwaka 2015. Anakumbuka maandamano ya mwaka uliofuata, magari yakichomwa, madereva wa teksi za zamani wakisema wameibiwa wateja. Kisha mwaka uo huo wa 2016 Uber ikapunguza nauli, na walioandamana sasa wakawa ni madereva wa Uber wenyewe. "Mpwa wangu," akamwambia kaka, "hawa wa majukwaa wanakutoa kwa mwenye nyumba wa zamani, unafurahi umepata nyumba. Halafu unagundua mlango hauna ufunguo wa kwako."

"Lakini mjomba, wewe ulibaki na gari," kaka akajibu. "Mimi nimebaki na nini?"

Mjomba akanywa chai yake.

Muhula wa pili jina langu lilisomwa katika orodha ya wasiomaliza karo. Nilipofika nyumbani nilimkuta kaka amepata kazi nyingine, na hii, msomaji, ndiyo iliyonistaajabisha kuliko zote. Wanafunzi walikuwa wakiitengenezea mashine insha zao, kisha wanamlipa mtu azivurugevuruge kidogo zionekane zimeandikwa na binadamu! Vyuo vilikuwa vimeanza kutumia programu za kunasa maandishi ya mashine, kwa mfano ile ya Turnitin iliyoanza Aprili 2023. Malipo yalikuwa shilingi 100 kwa ukurasa. Karo yangu ikawa kurasa 405.

Kilichomvunja moyo si hizo 100. Mteja mmoja wa zamani alimwomba insha halisi, iliyoandikwa kwa mkono wa mtu, kwa bei ya zamani. Kaka akafurahi kama aliyeokota lulu. Aliandika siku mbili, sentensi zake zimenyooka, kila aya na hoja yake, kama alivyofundishwa tangu shule ya msingi kwamba ndivyo Kiingereza safi kinavyoandikwa. Programu ikasema ni kazi ya mashine. Mteja akakataa kulipa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka huo huo kwamba programu za aina hii zilizikosea zaidi ya nusu ya insha za mtihani wa TOEFL walizozipima, insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. OpenAI wenyewe walikuwa na chombo chao cha kunasia, wakakiondoa Julai 2023 kwa kuwa hakikuwa kikibashiri vizuri. Lakini utamwambia nani? Jukwaa halina ofisi ya kubisha hodi.

Na wakati huo huo, vijana wengine hapa hapa Nairobi walikuwa wameifunza mashine hiyo adabu. Jarida la Time lilieleza Januari 2023 kwamba walisoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili ijue yasiyofaa kusemwa, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Kaka aliposoma habari hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo sisi ndio tulimlea."

Sitaki ufikirie mimi ni malaika. Likizo iliyopita, mlezi wa chama akiwa ameshatuagiza makala za jarida hili, niliazima simu ya kaka nikaiambia mashine iniandikie insha kuhusu teknolojia. Ikatoa aya saba na methali nne. Nikainakili kwa mwandiko wangu mzuri nikampelekea kaka anisahihishie, nikijifanya nimechoka kwa kufikiri.

Alisoma aya ya kwanza. "Nani amekuandikia?"

"Ni mimi, kaka."

"Jina la juu ni lako," akasema, akanirudishia daftari.

Nililichana lile karatasi jikoni. Hii unayoisoma nimeiandika kwa majuma matatu, na kama ngeli zimenishinda mahali, zimenishinda mimi.

Tangu Januari 2024 kaka anafundisha Kiingereza katika shule moja ya kibinafsi. Mshahara haufikii alichokuwa akipata mwezi mzuri wa Novemba, lakini unakuja na jina lake. Jioni hurudi na rundo la madaftari ya insha. Juzi nilimkuta ameshika daftari moja muda mrefu, kalamu nyekundu hewani. Ni la msichana wa kidato cha pili ambaye muhula uliopita alipata 9 kwa 20, na sasa ameandika insha isiyo na doa hata moja.

"Hebu soma hii," akaniambia. "Ni yake ama si yake?"

Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa safi, sentensi zimenyooka, kila aya na hoja yake.

"Sijui, kaka."

"Hata mimi sijui," akasema. Akaliweka kando peke yake, akachukua daftari lililofuata.