Mkono wa Kabambare, Mguu wa Kasongo

Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, hakuna uwanja wa gofu. Mkongo anayetaka kucheza kwa kawaida huenda Kinshasa au Lubumbashi, na kwa mtu wa Kasongo miji yote miwili iko mbali mno kwa ajili ya mchezo. Nilipita huku kwa shughuli nyingine kabisa. Lakini mtu aliyezoea kushinda uwanja wa gofu wa Lugalo kila Jumamosi hayaachi macho yake Dar es Salaam: kila anayenyanyua chombo juu ya bega namtazama miguu kwanza, kisha nyonga, mikono mwisho. Haya ndiyo niliyoyaandika njiani.

Ukitokea Ziwa Tanganyika unaanza kuikuta Kabambare. Ndiyo njia ya misafara ya karne ya 19: Ujiji, ziwa, Kabambare, Kasongo, Nyangwe. Siku hizo watu walifuata pembe za ndovu. Siku hizi wengi wanafuata dhahabu, hasa upande wa Namoya na Salamabila.

Mchimbaji ndani ya shimo hana nafasi. Magoti kayakunja, kiwiko kakibana ubavuni, sururu inarudi nyuma kidogo tu kisha inagonga. Kiuno hakizunguki, maana hakina pa kuzungukia. Nguvu yote ni ya bega na kifundo cha mkono. Nilipoona hivyo nilicheka peke yangu, kwa kuwa ndivyo wanavyopiga wanaoanza gofu, tena wakiwa na uwanja mzima nyuma yao! Mchimbaji ana sababu, dari la udongo liko juu ya kichwa chake. Sisi wengine tunabanwa na nini?

Kijana mmoja alikuwa akipumzika mdomoni mwa shimo. Nikamuuliza usiku kinachomuuma ni nini.

“Hapa, papa,” akagusa kiwiko upande wa ndani.

Ni palepale panapowauma wacheza gofu wanaotegemea mkono.

Kasongo mambo ni mengine. Ardhi ina nafasi, na mtu husimama wima. Hapa ndipo Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alipoweka makao yake katika miaka ya 1870, kabla ya mji kutekwa na jeshi la Dhanis, afisa wa Kibelgiji, mwezi Aprili 1893. Mpunga ulioenea enzi za Waungwana, watu wa misafara hiyo, bado ndio chakula na biashara ya watu, na mpunga unataka mashamba mapya. Kwa hiyo shoka halilali.

Mzee mmoja alinikubalia nikae kando nimtazame akiangusha mti. Kwanza hakupiga. Aliegemeza makali ya shoka kwenye shina kupima umbali, akasogeza vidole vya mguu wa kulia kidogo nyuma, akalirudisha shoka chini. Halafu akaanza. Mkono wa kushoto ulikaa mwisho wa mpini, haukuondoka. Wa kulia ulianzia karibu na chuma, ukateleza kushuka kadiri shoka lilivyoshuka. Nilichokisubiri kilikuwa chini zaidi: shoka likiwa bado juu, kisigino cha kushoto, kilichokuwa kimenyanyuka, kilitua. Nyonga ikageuka. Ndipo mabega yakafuata, na mikono ikawa ya mwisho kufika.

Bingwa wa gofu Ben Hogan aliandika kitabu mwaka 1957 na ndani yake akawafundisha Wamarekani jambo hilo, kwamba fimbo inaposhuka, nyonga ndizo zinazotangulia. Na mwendo wa mzee pia ulikuwa ndio wenyewe. Shoka lilipanda polepole, likashuka upesi. John Novosel, mtafiti wa mwendo wa fimbo, alipohesabu picha za filamu za wachezaji wakubwa aliona kupanda kwa fimbo kunachukua muda mara tatu ya kushuka. Mzee sikumpima, ila sikumwona akiharakisha kupanda hata mara moja.

Kasoro ya shoka kama mwalimu ni kwamba linasimama ndani ya mti. Fimbo ya gofu haisimami. Mpira hauzidi gramu 45.93, na chuma kinaugusa kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Anayekomea kwenye mpira amekwisha kupunguza kasi kabla ya kuufikia. Dawa ya hilo niliikuta kwenye uwanja wa shule, mvua zikiwa zinakatika na majani yamefika magotini. Wavulana walikuwa wanafyeka. Fyekeo lina ncha iliyopinda, linapita chini karibu na udongo, linakata, linaendelea hadi upande wa pili wa bega. Ukilisimamisha katikati, majani yanalala tu bila kukatika.

Mmoja wao alilishika kwa mikono miwili kinyume na wenzake, wa kushoto chini na wa kulia juu. Wakamtania. Nyuma yake majani yalikuwa mafupi kuliko ya wote. Mcheza gofu Papwa Sewgolum wa Durban, aliyeanza kwa kubebea watu fimbo, alishika kinyume vivyo hivyo na akatwaa ubingwa wa wazi wa Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Tangu hapo nimepunguza kuwasumbua watu kuhusu mshiko.

Jioni, uani, akina mama wawili walitwanga mpunga kwenye kinu kimoja kwa zamu. Mchi ukifika juu, mama aliuachia, akapiga kofi, akaudaka ukishuka. Nikauliza kwa nini asiubane.

“Nikibana, baba, mchele unavunjika na mikono inakufa.”

Ndivyo ilivyo kwa fimbo pia. Kwa swingi, yaani mzungusho wa fimbo, basi, Kasongo imeishinda Kabambare, na mchimbaji hana lawama. Wewe mwenye uwanja mpana, jipime hivi: weka miguu pamoja, legeza vidole, piga mipira kwa nusu swingi. Ukiyumba, ujue bado unapigia mkono. Usiongeze nguvu mpaka utakapoacha kuyumba.