Alirudi Lini Nyumbani? Uchovu wa Askari katika Bunilizi ya Kisayansi na katika Kumbukumbu ya Ufuo wa Ziwa

Mnamo mwaka wa 1992, katika barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, nilinunua kwa mwuza vitabu vikuukuu wa kando ya njia nakala isiyo na jalada ya riwaya ya Joe Haldeman, The Forever War. Sikuinunua kwa haja ya kitaaluma. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nami niliamini, kama walivyoamini wengi wa rika langu, kwamba bunilizi za kisayansi ni fasihi pendwa ya kupitishia wakati, isiyostahili jicho la mhakiki. Niliisoma usiku mmoja. Kulipopambazuka sikuwa nikiwaza nyota wala vyombo vya angani. Nilikuwa nikimwaza babu yangu mzaa baba, askari wa Keya, aliyefariki mwaka wa 1984 katika boma lake kwenye ufuo wa Seme. Insha hii ni jaribio la kueleza jinsi kitabu kile kilivyonifikisha kwake, na kukiri kosa ambalo nilimtendea nikiwa mtoto na ambalo nimelirudia, kwa namna nyingine, katika uhakiki wangu.

Tuanze na riwaya yenyewe. Haldeman alipigana Vietnam, akajeruhiwa huko mwaka wa 1968, na riwaya yake ikachapishwa mwaka wa 1974. Mhusika mkuu, William Mandella, ni mwanafunzi wa fizikia anayeingizwa jeshini kwa lazima ili apigane na viumbe wa mbali waitwao Watauri. Kwa kuwa vyombo vya jeshi husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, miezi michache ya askari ni miongo, na baadaye karne, kwa walioachwa duniani. Mandella anapanda cheo hadi kuwa meja, si kwa ushujaa, bali kwa sababu wenzake wamekufa naye yu hai. Vita vinapokwisha imepita zaidi ya miaka elfu moja, na inabainika kuwa vilianza kwa kutoelewana tu: pande mbili hazikuwa na lugha ya kusemezana.

Msomaji aliyezoea Starship Troopers ya Robert Heinlein, ya mwaka wa 1959, ataona tofauti mara moja. Katika riwaya hiyo jeshi ni shule ya utu uzima. Kijana huingia akiwa mbichi akatoka ameiva, na ukurasa wa mwisho unamwacha akijiandaa kuteremka vitani tena. Haihitaji kumrudisha nyumbani, kwa kuwa jeshi ndilo limekwisha kuwa nyumba yake. Mandella naye ana mavazi ya chuma yale yale yanayomzidishia nguvu mara nyingi, lakini ndani ya chuma hicho mna mtu aliyechoka. Uchovu huo si wa misuli. Ni uchovu wa mtu ambaye kila anaporudi hakuti kile alichokiacha.

Sisi wa nchi ya Ziwa tulikuwa na askari wa namna hii kabla ya Heinlein na kabla ya Haldeman. Lwanda Magere, shujaa wa Kano, alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki iliteleza juu yake. Maadui ambao masimulizi ya Kijaluo huwaita Lang'o walishindwa kumwua, wakampa binti yao awe mke. Siku moja shujaa aliugua, na katika masimulizi mengi mke huyo alitakiwa amchanje ili kumtia dawa. Wembe ulipokataa kupenya mwilini, Lwanda Magere akamwambia achanje kivuli. Damu ikatoka. Siri ikafika kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kwenye kivuli. Jiwe linalosemwa kuwa ndiye yeye lingali huko mashariki ya Kisumu, na wawindaji walizoea kunolea mikuki yao juu yake.

Masimulizi haya tumeyahakiki mara nyingi, na aghalabu tumeyasoma kama kisa cha usaliti wa mwanamke. Hata baada ya Okoiti Omtatah kumweka shujaa huyu jukwaani katika tamthilia yake ya Kiingereza, darasani tuliendelea kuuliza swali lile lile: nani alimsaliti? Napendekeza tuulize jingine: je, aliugua nini? Mtu asiyepenywa na mkuki aliumwa wapi? Masimulizi yenyewe yanajibu: aliumwa kivulini. Fanani wa kale alijua kwamba ukimfanya askari awe jiwe, maumivu yake hayatoweki. Yanahamia mahali ambapo hakuna anayetazama. Mavazi ya chuma ya Mandella na ngozi ya jiwe ya Lwanda Magere ni fani moja, na fani hiyo inawaruhusu wasimulizi wa tamaduni mbili zisizojuana waseme jambo ambalo sifa za kishujaa huliziba.

Hapa ndipo babu anapoingia. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka wa 1944 na kuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Mwaka huo huo, tarehe 12 Februari, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa boma la jirani yetu. Kwao walizika yago, tunda la mwegea, kama ifanywavyo pale mwili usipopatikana. Hayo ya jirani niliyajua kwa nyanya. Babu mwenyewe hakuyataja.

Nilipokuwa darasa la saba, mwaka wa 1979, tuliagizwa shuleni tuandike insha kuhusu shujaa tunayemjua. Nilimwendea babu chini ya mti wake na daftari mkononi. Alinieleza habari za matope. Alinieleza jinsi nyumbu walivyozama hadi tumboni, jinsi soksi zilivyooza miguuni, na jinsi barua aliyoandikiwa nyumbani ilivyochukua muda mrefu hata alipoifungua habari zake zilikuwa zimekwisha kugeuka: mgonjwa aliyetajwa alikuwa amezikwa. Nilimwuliza aliwaua Wajapani wangapi. Aliniangalia, akasema, "Nyakwara, mvua ilikuwa nyingi."

Sikuridhika. Niliandika insha nyingine kabisa, ambamo babu alivuka mto Chindwin peke yake, akanyamazisha bunduki ya rasharasha, akatwaa bendera ya adui na kupewa nishani. Ilishinda zawadi. Mwalimu aliisoma mbele ya wazazi, nami jioni nikamsomea babu, nikimfasiria kwa Kijaluo. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja: "Na huyu, alirudi lini nyumbani?"

Nilidhani hakuelewa. Insha yangu ilikuwa imekoma kwenye ushindi, na kwangu hapo ndipo habari ilipokwisha. Leo naliona swali lile kuwa uhakiki bora kuliko wowote nilioupata baadaye chuoni. Lilikuwa swali la muundo: kwa nini umekomea hapo? Pia lilikuwa swali la maudhui, kwa sababu uchovu wa askari hauonekani vitani, ambako kila mtu amechoka. Huonekana nyumbani, ambako wengine hawakuchoka. Matini ya vita inayokoma kwenye ushindi imekwisha kuamua kwamba uchovu huo haumo.

Tukiitazama fasihi ya Kiswahili kwa swali hilo, tutaona pengo. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka wa 1967, ni kazi kubwa kuhusu vita vile vile alivyopigana babu, lakini macho yake yako juu ya mataifa na viongozi wao, si juu ya mtu aliyeoza soksi. Simlaumu malenga, bahari ya utenzi wa vita ina desturi zake. Bunilizi zetu zinazosafiri nje ya dunia nazo zimekuwa na haja nyingine. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka wa 1995, humrusha Dzombo hadi sayari ya pili ili tuzione dhuluma za hapa kwetu. Ziraili na Zirani ya William Mkufya, ya mwaka wa 1999, hupigana vita vya mbinguni na kuzimu kwa ajili ya hoja za imani na ukanaji Mungu. Zote mbili zimethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba safari hizo. Bado hakijabeba, kwa kadiri ya usomaji wangu, askari anayeshuka kutoka katika safari hiyo akiwa hana la kusema.

Yamkini tatizo ni la lugha pia. Katika The Forever War askari wa karne mbalimbali hufundishwa Kiingereza cha kale ili waweze kuamriana. Lugha hiyo ni ya kazi. Haikukulia katika nyumba ya yeyote kati yao. Nilipofika hapo nilikumbuka Kikeya, Kiswahili cha kambini ambacho babu alirudi nacho. Kilikuwa na maneno ya amri, ya zana, ya chakula na ya adhabu. Kwa Kijaluo alijua kuomboleza, lakini Burma haikuwa na majina kwa Kijaluo. Kwa Kikeya Burma ilikuwa na majina, lakini Kikeya hakikuwa na maombolezo. Kati ya lugha hizo mbili ndipo aliponyamaza, nasi tukasema kwamba ni mtu asiyependa mazungumzo.

Imebaki habari moja ya maandishi, ambayo sikuijua mwaka wa 1992. Haldeman alipokuwa akiichapisha riwaya yake kwa vipande katika jarida la Analog, mhariri, Ben Bova, alikataa sehemu ya kati, ile ya Mandella kurudi duniani, kwa kuwa aliiona inavunja moyo mno. Mwandishi akatunga nyingine badala yake. Sehemu iliyokataliwa ilirudishwa kitabuni katika matoleo ya miaka ya 1990. Ndani yake Mandella anamkuta mama yake mgonjwa, naye ananyimwa matibabu kwa sababu ya umri wake. Mama anakufa, na mwana anajiandikisha tena jeshini, kwa maana jeshi ndipo mahali pekee anapopafahamu. Nilipolipata toleo hilo, nikaliweka kando ya nakala yangu isiyo na jalada, niliona aibu. Mhariri wa New York alikuwa amefanya kwa kalamu yake kile nilichokifanya kwa daftari langu. Yeye aliombwa achapishe kurudi akachagua kilichopendeza zaidi. Mimi nilisimuliwa matope nikaandika nishani.

Itasemwa kwamba ninafananisha visivyofanana: vita vya kubuni na vita vilivyoua. Pingamizi hilo lina uzito. Babu hakuruka karne. Alikuwa mbali miaka minne tu, na alirudi bila mali, katika nchi ambayo baada ya Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imewagawia askari wa Kizungu mashamba kwa mpango wa mwaka wa 1919. Sidai kwamba Mandella ni babu yangu. Nadai tu kwamba bunilizi, kwa kuirefusha miaka minne ikawa elfu, ilinionyesha ukubwa wa kitu ambacho mizani ya kawaida ilinificha. Barua ile iliyofika mgonjwa akiwa amekwisha kuzikwa ilikuwa na sayansi yote ya Haldeman ndani yake, nami niliisikia kwa masikio yangu nikiwa na miaka kumi na mitatu nisiiandike.

Wenyeji wa ufuo wetu wanawajua nyawawa, mizimu ipitayo na upepo kutoka ziwani wakati wa usiku. Mmoja akianza kupiga debe, boma zima huitikia kwa sufuria na mabati, na kelele huenda kijiji hadi kijiji, zikiwahimiza wapite, waende kwao. Mimi nilikuwa hodari wa kupiga debe. Babu hakupiga kamwe. Alitoka akaketi mlangoni, taa ikiwa inawaka kando yake, hadi kelele zilipotulia. Tulidhani haogopi kwa kuwa alikuwa askari. Sijui alikuwa akingoja nani. Hakuna aliyemwuliza, na mimi, niliyekuwa na daftari, nilikuwa nikipiga debe.