Steringi Nani? Muvi Isiyo na Stori Yaingia Banda la Kharumwa

Wadau, kwenye banda la video pale Kharumwa swali la kwanza huwa moja tu: "Steringi nani?" Ukishamjua umetulia, maana steringi hafi. Na muvi ikiwa ya nje, DJ yupo anatafsiri na kuongeza chumvi, kimya hakipo kabisa.

Sasa jamaa mwenye banda, kijana mpole ambaye mdogo wake wa mwisho ana ualbino, akaweka White Shadow. Ni muvi ya 2013 ya Noaz Deshe, imechezwa hapa hapa Tanzania kwa Kiswahili, na ikabeba tuzo kule Venice mwaka huo huo. Kijana Alias (Hamisi Bazili) anaona baba yake akiuawa usiku, mama anampeleka mjini kwa mjomba, huko anauza miwani na DVD. Stori karibu ndiyo hiyo. Kinachobaki ni kamera inayotikisika, giza, pumzi, sura zinakuja na kupotea.

Nusu saa tu watu wakaanza. "Hii umeikata kata?" Wengine wakadai jero yao warudishiwe, wakasepa.

Sio wa kulaumiwa sana. Wamekulia kwenye Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Pale zimwi lina jina kabisa, unaogopa, halafu unarudi nyumbani unacheka. Hii ya Deshe haina pa kushika, na ndo inavyotisha kuliko zile. Wanaosema haina stori waulizwe kitu: mwaka 2015 mtoto mdogo mwenye ualbino aliponyakuliwa kwa mama yake kule Chato, mkoa huu huu wa Geita, jirani gani alikuwa na stori kamili? Watu walibaki na maneno ya machimboni tu, eti kiungo kinavuta dhahabu. Mengine ni usiku, na milango inakomewa mapema.

Walibaki bandani kama kumi hivi. Dogo mwenyewe alikuwa benchi la nyuma na kofia yake, anatafuna karanga. Katikati akauliza kwa sauti, "Kaka, huyu Alias ndo steringi?"

Hakuna aliyecheka. Kaka yake akajifanya anahangaika na waya wa spika.

Muvi ilipoisha, wanaume watatu wakaongozana na dogo mpaka kwao, tochi za simu zikiwaka. Hakuna aliyewaomba.