Breketi ya Soo Nane

Mtoto alikuwa na sweta ya kijani na mkoba wa shule mkubwa kumliko. Alichomoka nyuma ya matatu pale Jogoo Road, mvua ikinyesha, nami nikabana breki ya mbele mpaka vidole vikauma. Nduthi ilisimama hatua tatu mbele ya pale alipokuwa. Breki zangu hazikumwokoa. Aliruka mwenyewe.

Wiki hiyo nikaamua breki ya mbele lazima ibadilike. Nduthi yangu ni ya 150 na ilikuja na diski ya milimita 240. Nilizunguka Kirinyaga Road siku tatu nikapata ya 280 ambayo matundu yake yanalingana na habu yangu. Hesabu ni ile ya spana: nati ikikataa spana fupi, unaleta ndefu. Kalipa inabana kwa nguvu ile ile, lakini mbali zaidi na katikati ya gurudumu. Gawanya 280 kwa 240, unapata karibu asilimia 17 zaidi bila kuongeza kidole hata kimoja. Shida ni kwamba diski ikipanuka, kalipa nayo inafaa isogee nje milimita 20, na huko foki haina pa kuifungia. Ndiyo maana unahitaji breketi: kipande cha chuma chenye matundu manne, mawili ya foki, mawili ya kalipa. Kitu cha kutia mfukoni.

Nilichora kwenye boksi la viatu, nikakata kwa mkasi, nikapachika kwa foki, nikakata tena. Kadibodi ya nne ndiyo ilikubali. Nikatafuta bamba la milimita 6 kwa wauza skrepu, nikaazima grainda, na kwa kuwa kalipa ilitaka kukaa ndani kidogo kuliko foki, nikachomelea vipande viwili vikawa na ngazi.

Ilishika. Ilishika vizuri hadi nikaanza kujiita injinia pale steji. Jamaa mmoja wa steji yetu, nduthi yake kama yangu, akaniambia, "Bro, nitengenezee na mimi." Diski akajitafutia. Breketi nikamuuzia soo nane.

Mwezi haukuisha pedi zangu zikaanza kulika upande mmoja. Nikaenda Kariobangi Light Industries kwa mzee mmoja wa leithi, nikidhani ataniambia niongeze washa. Alifungua breketi, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta taa, akaiinua kwenye mwanga.

"Kijana, umekuja ukiendesha hii?"

"Ndiyo, mzee."

Akanionyesha kwa ukucha. Ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kona ya ndani kando ya weldi. Kila ukibana breki, alisema, diski inataka kuondoka na kalipa, na kinachoizuia ni hiki kidude chako peke yake. Kona ikiwa kali hivi, nguvu yote inajazana hapo. Halafu akageuza bolti zangu akitafuta nambari kichwani. Hazikuwa na nambari yoyote. "Za breki ziandikwe 8.8 au zaidi. Hizi ni za kufungia kitanda."

Sikuwa namsikia tena. Nilikuwa nampigia jamaa. Mteja. Nikapiga steji, wakasema ameenda Naivasha na mzigo tangu alfajiri, kwa barabara ya chini. Kama umewahi kuteremka Mai Mahiu nyuma ya trela unajua mkono wa kulia unafanya kazi gani huko.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikipiga kila baada ya dakika tano, huku mzee akichonga nyingine. Hakuchomelea chochote. Alitumia aluminiamu nene, kipande kimoja, ngazi ikachongwa humo humo. Kila kona ya ndani alianza kwa kutoboa tundu ndipo akakata kufikia hapo, kona ikabaki mviringo. Siku nyingine ningemuuliza maswali mia. Siku hiyo nilikuwa nawaza tu mke wa jamaa, ambaye hunisalimia "shemeji".

Saa kumi na mbili jioni simu ikalia. "Buda, mbona missed calls arobaini? Simu ilizima. Niko steji."

Tulifungua ya kwake chini ya taa ya kioski. Nikaipangusa kwa mafuta taa, nikaiinua kwenye mwanga kama nilivyoona mzee akifanya. Hakukuwa na ufa. Nikapangusa tena. Hakuna.

"Si iko tu sawa?" Jamaa akacheka. "Unataka kuniuzia ingine."

Nilimwambia ya mzee ni bure, nikamfungia mwenyewe, na bolti mpya. Mimi nikapanda matatu siku nne mpaka nikapata pesa ya kurudi Kariobangi. Aliipenda. Alijaribu breki mara mbili pale pale, akatikisa kichwa, halafu akauliza soo nane yake inarudi lini.