Vitabu vya Ubatizo na Mchwa wa Kongwa



Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa yaagiza kila parokia iwe na vitabu vya Ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, na kwamba hata vile vya kale vitunzwe kwa uangalifu. Agizo si geni. Mtaguso wa Trento uliwadai maparoko daftari za Ubatizo na za ndoa mwaka 1563. Mchwa wa Kongwa, hata hivyo, hawajapata kusoma sheria hizo.

Hivi karibuni mzee mmoja alihitaji cheti cha Ubatizo ili ndoa yake ya miaka mingi ibarikiwe. Hakuwa na karatasi nyingine iliyosema alizaliwa lini na kwa nani. Tulipofungua kitabu, jina lake lilikuwapo na la baba yake pia, ila mwaka ulikuwa umeliwa. Tuliupata kwa kuwatazama waliotangulia na waliofuata katika ukurasa ule.

Ndiyo sababu nataka tuvipige picha. Wamonaki Wabenediktini wa Collegeville, Marekani, walianza kazi kama hiyo mwaka 1965 kwa miswada ya monasteri za Ulaya, wakihofia vita. Baadaye waliifikia Ethiopia, kisha miswada ya Kiislamu ya Timbuktu. Hupendeza kwamba miswada yenyewe hubaki kwa wenyewe. Kinachosafiri ni picha. Nasi vitabu vyetu havitatoka Kongwa.

Lakini picha bila faharasa ni ghala lisilo na mlango. Anayeandikwa Chilongani leo aweza kuwa Cilongani kitabuni, kwa kuwa waandishi wa zamani hawakufuata tahajia moja, na kompyuta haijui kwamba ni ukoo uleule. Nakala nazo zisikae pamoja: moja parokiani, moja jimboni, ya tatu mbali zaidi. Kisha kitabu cha Ubatizo hakifungwi kamwe. Kipaimara, ndoa na Daraja huandikwa pembeni mwa jina hadi uzeeni. Picha ya mwaka huu itahitaji kupigwa tena.

Wengine wameniomba tuweke yote kwenye intaneti. Sikubali. Mle mna watoto walioandikwa bila jina la baba, na wajukuu wao tunasali nao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo, ingawa siri ya kichungaji ingetosha kunizuia.

Nawahitaji vijana wanaojua kompyuta, na kila mmoja akae na katekista mstaafu. Wazee wangu, msiiogope mashine. Kazi yenu ni kusoma majina na kutuambia nani ni wa ukoo gani. Tutaanza Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, kwa kitabu kilichochakaa kuliko vyote. Tafadhali njoni mmenawa mikono, nayo iwe imekauka.