Amana ya Makao Mawili

Katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, ambako riziki imenifikisha, ifikapo Julai mbuga za nyasi hujaa maua ya mwituni ya manjano na zambarau, na kati yake huota asklepia, mmea wenye utomvu mweupe, ambao kipepeo mfalme hutaga mayai yake mojamoja chini ya majani yake, kwa kuwa kiwavi wake hali kitu kingine ila majani hayo, na sumu anayoipata humo ndiyo impayo hifadhi dhidi ya ndege, hata akishaota mbawa zake za rangi ya machungwa zenye mishipa myeusi.

Vipepeo wa kiangazi huishi wiki chache tu. Lakini wazaliwao mwisho wa msimu huakhirisha kuzaa, wakasafiri maelfu ya kilomita hadi milima ya Michoacán, huko Meksiko, maskani ambayo wanasayansi wa kaskazini hawakuyajua hadi mwaka 1975, wakapitisha baridi humo kwa mamilioni juu ya miti ya jamii ya misonobari. Majira ya joto yakikaribia, hao hao huanza kurejea, ila wafikao Minnesota aghalabu ni watoto na wajukuu wao.

Taifa hili la vipepeo limepungua mno, kwa sababu huku dawa za kuua magugu katika mashamba ya mahindi na soya zimeiteketeza asklepia, na kule misitu imekatwa. Wala kuhifadhi upande mmoja hakufai kitu iwapo wa pili umeharibika.

Hilo ndilo linipalo fikira juu yetu sisi wa ughaibuni, ambao wengi wetu twahesabu huku kuwa kambi ya kuchuma na kule kuwa nyumba ya uzeeni, hata ikawa hapana pahala tupandapo mti. Kwetu Gede, katika pwani ya Kenya, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 umewapa wanavijiji kipato kwa kufuga vipepeo wa msitu huo na kuwauza ng'ambo wangali katika vifukofuko, na kwa njia hiyo msitu ulio hai ukawa na thamani machoni pa jirani zake.

Simlazimishi mwanangu aliyezaliwa hapa arudi Gede. Wajibu wangu ni kupanda asklepia uani kwangu huku, na kuusaidia msitu ule kwa mali na kauli, ili popote atakapochagua kuishi akute pameangaliwa.