Mtu Aliyeuliza: Nani Aliamua?

Siku roketi ya Apollo 11 ilipoondoka Florida kwenda mwezini, tarehe 16 Julai 1969, umati wa watu ulisimama ukiitazama hadi ikatoweka. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu kijana wa chuo kikuu, John Logsdon. Yeye alikuwa na swali lisilohusu moto wala chuma: ni nani aliyeamua safari hii ifanyike, na kwa sababu gani?

Logsdon alianza kwa fizikia, kisha akageukia elimu ya siasa. Mwaka 1970 alichapisha kitabu juu ya uamuzi wa Rais Kennedy, akaonyesha kuwa jambo lile lilikuwa la usalama na heshima ya taifa kuliko la sayansi. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin, Mrusi, alikuwa ameizunguka dunia. Siku chache baadaye kikosi cha wakimbizi wa Kuba kilichotumwa na Marekani kikashindwa vibaya katika Ghuba ya Nguruwe. Tarehe 20 Aprili Kennedy alimwandikia makamu wake amtafutie shindano la angani ambalo Marekani ingeweza kulishinda. Jibu likawa mwezi. Kijana yule aliamini kwamba njia iliyofikisha watu huko ingefaa pia kwa matatizo mengine makubwa ya nchi.

Mwaka 1987 alianzisha taasisi ya siasa za anga katika Chuo Kikuu cha George Washington, akaiongoza hadi 2008. Katikati ya miaka hiyo aliitwa kwenye kazi chungu. Tarehe 1 Februari 2003 chombo Columbia kilivunjika kikirudi duniani, wanaanga saba wakafa. Logsdon alikuwa mmoja wa wajumbe 13 wa tume iliyoongozwa na Harold Gehman, amiri mstaafu wa jeshi la wanamaji. Waligundua kuwa kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la mafuta wakati wa kuruka, kikatoboa bawa la kushoto. Wahandisi walikuwa wameshuku, wakaomba chombo kipigwe picha kingali huko juu. Ombi lao halikutimizwa. Jamaa za askari wataelewa upesi: mdogo ameona hatari, taarifa imeanza kupanda ngazi, nayo imekwama njiani. Tume ilisema wazi kwamba mazoea ya kazi ndani ya shirika la anga yalichangia ajali ile sawasawa na povu lenyewe.

Wakati huo makaratasi ya Kennedy yalikuwa yakifunguliwa polepole. Mwaka 2001 ilitolewa kanda ya mkutano wa Novemba 1962, ambamo rais anasikika akimwambia mkuu wa shirika hilo kwamba hapendezwi sana na anga. Alichotaka ni kumtangulia Mrusi. Na rais huyo huyo, tarehe 20 Septemba 1963, alikuwa amependekeza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba waende mwezini pamoja na Mrusi huyo!

Logsdon aliyapima yote upya. Mwaka 2010, akiwa amepita miaka sabini, alitoa kitabu kingine na kukiri kwamba matumaini yake ya 1970 hayakuwa sahihi: Apollo ilizaliwa na hali ya wakati wake, wala haikuwa kielelezo cha kufuatwa. Si wasomi wengi wanaorudi kusahihisha kitabu kilichowajengea jina. Mwaka 2015 akamgeukia Nixon, ambaye katika utawala wake safari za Apollo zilikoma, Desemba 1972. Swali lake lilikuwa lile lile.